Chumvi Niliyoinywesha Sukuma ya Mama

Juzi nilikuwa Nateete, Kampala, nikakatiza sokoni kutafuta njia ya mkato, na pale kwenye kona ya wauza dagaa nikamkuta mwanamke amepanga chupa za maji ya kahawia juu ya gunia. "Chumvi ya majivu, nyabo. Onja," akaniambia, tayari ameinamisha chupa juu ya kiganja changu. Sikuonja. Harufu ilinitosha, ile ya maganda ya maharage yaliyochomwa kisha yakamwagiwa maji, moshi uliolowa. Mimi ni mtu wa kuitwa nyanya sasa, nimezika watu na nimezoea kuzika, lakini nilisimama pale nimefumba kiganja kwa hasira ya mtoto wa miaka minane. Mwanamke wa watu akadhani naumwa, akanipa kigoda nikae.

Wenzangu wa rika langu, hasa mliokulia kwenye kambi za reli na polisi vita vilipokwisha, hamtahitaji maelezo mengi. Tuliishi Nsambya, kwenye landi, vyumba vya mstari mmoja vilivyobanana kama mabehewa. Baba yangu, Mluhya kutoka Kenya, alikuwa akiunganisha mabehewa stesheni. Kuta zetu zilikuwa na matundu ya risasi na sisi watoto tuliyapimia vidole, tukishindana nani kidole chake kinaingia hadi wapi. Sabuni ilikatwa vipande, sukari tuliisikia kwa watu. Chumvi iliuzwa kwa kijiko, ikifungwa kwenye karatasi ya daftari, na mama aliitia kwenye mboga kwa ncha za vidole vitatu huku akinitazama kana kwamba mimi ndiye ninayeimaliza. Na kweli nilikuwa nikiilamba, sikatai.

Chini ya landi, kati ya reli na bonde, palikuwa na mteremko usio na mwenyewe. Wanawake wa kambi walikuwa wameugawana vipande vipande, bila ua wala karatasi. Sheria ilikuwa moja tu, na kila mtu aliijua: shamba ni la yule anayeliotesha. Kipande kikikaa bila kitu cha kijani, hata kama ni kwa kiangazi kimoja, Mzee Ramadhani alimpa mtu mwingine. Mzee Ramadhani alikuwa mwenyekiti wetu, Mnubi, askari polisi mstaafu, na alizunguka yale mashamba na fimbo yake kama anakagua gwaride.

Kipande cha mama kilisifiwa kambi nzima. Alikuwa na sukuma wiki, maharage na matuta mawili ya vitunguu. Asubuhi alichuma, mchana alipanda kilimani kuwauzia wanawake waliokuja kuuguza watu wao hospitalini. Kile kipande ndicho kilichomweka Kampala. Baba hakuficha jambo hilo, alilisema hata wakati wa kula: "Kampala hapana kijiji. Mtu akae hapa, awe na kazi. Mama yenu kazi yake ni hiyo shamba. Siku itakufa, anarudi nyumbani kukaa na mama yangu." Alisema huku akitafuna, bila ubaya, kama mtu anayesoma ratiba ya treni. Mimi nilikuwa naogopa ile siku kuliko nilivyoogopa bunduki.

Kisha akaja Senge. Ndivyo tunavyomwita shangazi, dada ya baba. Alishuka kwenye treni ya kutoka Kenya na kikapu kimoja na jicho moja limevimba, na hatukuambiwa neno juu ya mume wake, ila nilisikia baba akimwambia kwamba sheria ya nyumba ni ile ile. Apate kazi, la sivyo arudi kwa mwenyewe. Senge akasema sawa.

Nilimpenda siku ile ile. Mimi nina jina la nyanya yangu, mama yao yeye na baba, kwa hiyo Senge aliniita Mayi, yaani mama. Mtu mzima, mrefu, mwenye vidole vinavyonukia tumbaku, ananiita mama. Alinisuka nywele bila kunivuta. Mama yangu alikuwa na mdogo wangu mchanga mgongoni na sukuma kichwani, hakuwa na muda wa hadithi zangu. Senge alikuwa na muda wote wa dunia. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu alikuwa kichwani, anasuka.

Yeye ndiye aliyetuletea chumvi ya majivu. Kwa mama ilikuwa ni mambo ya kijijini, lakini chumvi ya dukani ilikuwa adimu, akakubali. Senge alikausha maganda ya maharage, maganda ya ndizi na matete ya bondeni, akayachoma. Majivu aliyatia kwenye kopo la rangi lenye matundu chini, juu ya nyasi kidogo, halafu akamimina maji polepole. Maji yalidondoka chini kahawia, yana ukali wa chumvi, na yalilainisha kunde hadi zikayeyuka mdomoni. Mimi nilikaa karibu na lile kopo nikihesabu matone.

"Senge, chumvi imetoka wapi? Si ulitia majivu tu?"

"Imetoka kwa mmea, Mayi. Mmea inakunywa chumvi ya udongo, inaficha ndani. Ukichoma, inakurudishia yote."

Niliifikiria habari hii siku kadhaa. Nilikuwa mtoto wa kufikiri, Mungu anisamehe. Basi siku moja, tukiwa tumekaa mlangoni akinisuka, nikamwambia: kama mmea unakunywa chumvi, kwa nini tusiinyweshe sukuma ya mama? Ingeota ikiwa na chumvi yake ndani. Mama asingenunua chumvi tena, na wale wanawake wa hospitalini wangeigombania.

Wazo lilikuwa langu. Nalisema wazi, kwa sababu miaka mingi nilijaribu kulitoa kichwani mwangu na kumwekea yeye. Vidole vya Senge vilisimama kwenye nywele zangu. Halafu akacheka taratibu. "Wewe una akili ya mama yangu kabisa," akasema, nami nikavimba kichwa.

Baada ya siku tatu alikuja na nusu gunia la chumvi. Wanawake wa reli waliruhusiwa kufagia mabehewa yaliyotoka Kasese na kuchukua walichofagia, na mojawapo lilikuwa limebeba chumvi ya mawe ya Katwe, ile ya kulambisha ng'ombe. Ilikuwa ya kijivu, imechanganyika na saruji na vumbi la makaa. Nilimwuliza kama uchafu huu hautaingia kwenye mboga. "Si umeona kopo yangu inachuja?" akanijibu. "Sukuma pia itachuja. Uchafu inabaki kwa mizizi, chumvi safi inapanda kwa majani." Nikaona ni kweli tupu. Mtoto aliyeona majivu machafu yakitoa maji bila chembe ya jivu, angekataaje?

Akaniambia tusimwambie mama, tumfurahishe siku ya Pasaka. Basi kila jioni, mama akiwa bado kilimani, tulishuka shambani. Senge alikoroga chumvi kwenye debe, mimi nikachota kwa birika na kumwagilia, shina kwa shina, nikiimba. Senge hakuwahi kushika birika. Alisema wazo ni langu, heshima iwe yangu.

Wiki ya kwanza sukuma ilipendeza. Majani yalikuwa mazito, kijani chake kimeingia weusi. Nilitafuna jani bichi na naapa nilisikia chumvi, na sijui hadi leo kama ilikuwamo au ilikuwa ni furaha yangu. Maharage ndiyo yaliyoanza kusema ukweli. Kingo za majani ziligeuka kahawia kama zimeguswa na pasi, kisha mimea ikalala chini. Vitunguu vikafuata. Jambo lililonishangaza ni kwamba udongo ulikuwa umelowa, mimi mwenyewe nimeulowesha, na bado mimea ilinyauka kama iko jangwani.

"Inasikia kiu," Senge akanieleza. "Wewe ukilamba chumvi, husikii kiu? Ongeza maji." Nikaongeza, kutoka debe lile lile.

Leo najua kilichotokea, maana nimefundisha somo la kilimo nusu ya maisha yangu na kila mwaka nalifikia jambo hili ubaoni. Chumvi ikizidi kwenye udongo huyashika maji, mzizi unavuta na haupati, mmea unakufa kwa kiu huku umesimama majini. Lakini si mimea yote. Maharage na vitunguu havina ujanja wowote, ni vya kwanza kufa. Sukuma hujikaza, inategemea na kiasi. Mchicha, ule tunaouita dodo Kampala, na spinachi ya majani mapana, hivi vina siri zake. Mingine inaizuia chumvi mlangoni, kwenye mizizi. Mingine inaikubali, inaifungia ndani ya jani isidhuru kitu, au inaisukuma yote kwenye majani ya zamani ya chini, na majani yale yakishajaa inayaacha yaanguke. Wanafunzi wangu hupenda hapo, hucheka, wanasema mmea una roho mbaya. Mimi huwaambia waandike.

Kiangazi kilikuwa kikali mwaka ule. Mama alidhani ni ugonjwa. Alipaka majivu, aliokota wadudu mmoja mmoja, alisali, aliamka alfajiri kuchota maji bondeni, na mimi nikamwonea huruma, nikiwaza jinsi atakavyofurahi Pasaka. Halafu sukuma nayo ikakata tamaa, na juu ya udongo ukatokea utando mweupe, kama mtu amemwaga unga.

Mzee Ramadhani alikuja Jumapili, baada ya misa, akiwa na fimbo yake. Baba alikuwepo, mama alikuwepo na mtoto mgongoni, Senge alisimama nyuma kidogo amejifunga leso. Mzee aliinama kwa shida, akachukua ule weupe kwa kidole, akautia ulimini, akatema.

"Hii hapana ugonjwa," akasema. "Hii chumvi. Nani naweka chumvi kwa shamba ya huyu mama?"

Hapo ndipo ninapojionea aibu na huruma kwa pamoja. Kwa maana sikuwa nimeelewa. Katika kichwa changu chumvi ilikuwa zawadi na kufa kwa mboga kulikuwa bahati mbaya ya jua, vitu viwili tofauti. Niliposikia mzee ametaja chumvi nilidhani siri imefichuka kabla ya Pasaka, nikaona bora niseme mwenyewe nipate sifa zangu. Nikasonga mbele, nikatabasamu. Nikasema: "Ni mimi na Senge. Tunainywesha ili iote na chumvi ndani, mama asinunue tena."

Nikamgeukia Senge amalizie, maana yeye alikuwa anaeleza vizuri kuliko mimi.

Senge alinitazama kwa majonzi. Sijawahi kuona uso mzuri wa majonzi kama ule. "Mayi," akasema, "mimi nimekukosea nini? Mimi hata kwa hiyo shamba siendangi."

"Senge, lakini debe..."

"Debe gani, mama yangu?"

Kilichoniuma si kwamba alikana. Watoto pia hukana, mimi mwenyewe nilikuwa bingwa. Ni kwamba alikana akiniita mama yake. Baba alinishika mkono, akaniuliza mara ya mwisho nani alinituma. Nikarudia yale yale, sikuwa na mengine. Akavua mkanda pale pale. Alinipiga kwa ajili ya chumvi, halafu akanipiga tena, kwa nguvu zaidi, kwa ajili ya kumsingizia dada yake.

Nilimtafuta mama kwa macho. Mama alikuwa anamtazama mtoto mgongoni, shingo ameigeuza. Alisema neno moja tu: "Huyu mtoto anaotanga mchana. Mwacheni." Baba akaacha. Kwa miaka mingi niliihifadhi sentensi ile kama kitu cha thamani, kwamba watu wote waliponiacha, mama yangu alisema mwacheni.

Sheria ni sheria. Kipande hakikuwa na kijani, na Mzee Ramadhani alikuwa mtu wa haki. Senge ndiye aliyeomba, kwa adabu, kwamba kisitoke nje ya nyumba yetu, apewe yeye ajaribu bahati. Wote walimwonea huruma kwa kupewa udongo uliokufa. Kesho yake akatoa miche nyuma ya choo, ndani ya mabati ya zamani, imeshafika urefu wa kidole: dodo na spinachi. Nilikuwa nimeiona wiki nyingi nyuma. Nilimwuliza ni ya nani, akasema ni ya kanisa.

Hakuotesha sukuma hata moja. Hakuotesha hata haragwe. Alipanda vile viwili tu, na mvua ya kwanza iliposhuka na kuosha udongo kidogo, vikasimama, majani mapana, mekundu na kijani. Kambi nzima wakasema Senge ana mkono wa baraka. Mimi nilichuchumaa kwenye njia ya reli nikitazama, na ingawa sikujua lolote juu ya mizizi, nilielewa kitu kimoja: alijua mapema nini kitakufa na nini kitaishi. Nililia mpaka nikatapika. Si kwa ajili ya kipigo. Nilimkumbuka akisimamisha vidole kwenye nywele zangu.

Baada ya hapo nyumba ilikuwa na wanawake wawili na shamba moja, na mwenyewe hakuwa mama. Nilingoja kusikia kwamba mama anarudishwa kijijini, nilikuwa nalala nimeshika kanga yake. Siku niliyoambiwa, nilikuwa nimekosea mtu. Mama anabaki, mtoto mchanga anabaki. Anayekwenda kuishi na nyanya ni mimi, kwa kuwa mtoto anayeua shamba la mama yake na kuwasingizia wakubwa anahitaji kijiji kimnyooshe. Senge alinifungia nguo zangu. Mama alinisindikiza stesheni, akaninunulia ndizi, hakusema mengi.

Nilikulia kwa nyanya, jina langu. Hakunitesa, na sitaki mtu afikirie hivyo. Lakini kila likizo niliyosubiri kuitwa Kampala ilipita, na mwisho nikaacha kusubiri. Nikasoma, nikawa mwalimu, nikapata watoto ambao sikuwahi kuwaacha popote hata kwa wiki moja. Senge alistawi. Kutoka kwenye kile kipande alipata kibanda, kutoka kibandani akajenga nyumba kwao. Nilimchukia, kisha nikamchukia kidogo, kisha siku moja nikajikuta nimemwelewa: mwanamke mwenye jicho lililovimba, aliyeambiwa apate kazi au arudi kule. Alikuwa na kitu kimoja cha kutumia, na kitu hicho kilikuwa mimi. Kumwelewa si kumpenda, lakini kulinipunguzia mzigo.

Alikufa akiwa mzee, kwa heshima zote, na tukamzika kijijini. Mama alisafiri kutoka Kampala. Usiku wa matanga ulipokwisha, asubuhi, tulikaa wawili nyuma ya jiko tukiosha sufuria za wageni. Nikamwambia, kwa mzaha kidogo, kwamba tumemzika mtu pekee aliyejua kuwa mimi si mwongo.

Mama aliendelea kusugua. "Mimi niliwaona nyinyi," akasema.

Nikamwuliza aliwaona akina nani.

"Wewe na birika, yeye na debe. Siku moja mbele ya Mzee Ramadhani kuja. Ilikuwa majani ya mwisho, kidogo tu, niliuza haraka, nikateremka mapema. Nilisimama kwa reli nikawaona. Ulikuwa unaimba."

Sufuria ilinitoka mkononi. Nilimwambia: mama, walinipiga. Ulisema naota.

"Nilisema. Ningesema ingine, baba yako angechagua dada yake. Tungefunga mizigo sisi wote watatu, na mtoto alikuwa kifua kinamsumbua, hospitali iko pale juu. Baba yako alikuja kuniuliza, nani aende kwa nyanya. Mimi ndiyo nilisema wewe."

Alisema bila kulia. Nilitaka alie. Nilitaka aombe msamaha hata wa uongo, nikangoja, naye akaokota ile sufuria, akaifuta matope kwa kanga yake na kunirudishia. Kisha akanitazama kwa fahari, ndiyo, fahari, kama mtu anayekupa sifa aliyokuwekea siku nyingi.

"Nilijua wewe utavumilia," akasema.

Nikamjibu, "Ndiyo, mama," nikaendelea kuosha. Hata asubuhi ile alikuwa amenijua sawasawa, na ni hilo ndilo sijamsamehe.